Kabla hujalipia mashine ya boti iliyotumika: majibu kwa wasomaji

Barua kuhusu mashine za boti zilizotumika zimeongezeka, na karibu zote zinauliza habari za mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaegemea humo.

Nimepata Yamaha Enduro ya hp 40, ina kama miaka kumi na mitano. Muuzaji anasema imevusha abiria tu na haijawahi kufunguliwa hata mara moja. Rangi inang'aa. Fundi ninayemwamini ni shemeji yake muuzaji, hivyo nataka kuikagua mwenyewe. Nianzie wapi? (Msomaji, Bagamoyo)

Anzia kwenye hiyo sifa ya kutofunguliwa, maana inatutia shaka kuliko umri. Mashine inayofanya kazi baharini hushushwa mguu (sehemu ya chini yenye propela) angalau mara moja kwa mwaka ili ibadilishwe impela, yaani kile kifeni cha mpira kinachovuta maji ya kupoza. Kama kweli miaka kumi na mitano hakuna aliyegusa, basi impela imekakamaa, na chumvi imejijenga kwenye njia za maji kuzunguka silinda. Huenda muuzaji anamaanisha pistoni tu hazijaguswa. Muulize impela ilibadilishwa lini na nani aliibadilisha. Mashine iliyofunguliwa na fundi makini, ikatiwa ringi na gasketi halisi, sisi tungeichukua mbele ya ile ambayo haijafunguliwa kabisa.

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda hedi. Ikiwa ina joto, ahirisha, kwa sababu mashine iliyochoka huwaka vizuri ikishapata moto na udhaifu wake huonekana ikiwa ya baridi. Beba spana ya plagi, geji ya kompresheni (ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda) ya kufungwa kwa uzi (plagi nyingi za mashine hizi ni za uzi wa milimita 14), bisibisi bapa pana, chupa nyeupe au bakuli, tochi, na kipande cha waya.

Kwanza tazama bila kufungua kitu. Rangi mpya juu ya mashine nzima si kosa, ila itazame nyuma, kwenye silinda hedi karibu na plagi. Rangi iliyobabuka au kugeuka kahawia hapo tu ni alama ya mashine iliyowahi kuchemka. Tazama pia kama rangi imepakwa juu ya vichwa vya bolti bila kukwaruzwa, au kama kuna gundi ya gasketi iliyofurika pembeni. Hapo utajua kama maneno ya "haijafunguliwa" ni ya kweli. Soma kibati kwenye mabano ya kufungia, usisome kava la juu. Kava huhamishwa kwa dakika moja, na kuna hp 30 zinazotembea na kava la 40. Kibati cha E40XMHL, kwa mfano, kinasema ni Enduro, hp 40, ya kuwasha kwa kamba, ya kuendeshwa kwa mkono, na herufi L ya mwisho ni mguu mrefu wa inchi 20. Mguu mfupi, S, ni inchi 15. Pima ubao wa nyuma wa boti yako kabla ya safari ya kwenda kuitazama mashine, maana mguu mfupi kwenye ubao mrefu huvuta hewa badala ya maji.

Kisha toa plagi zote, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi mpya kabisa zinaficha historia, kwa hiyo omba za zamani. Rangi ya kahawia ya maziwa ya chai, kavu, ni nzuri. Nyeusi na mbichi kwa oili: inachanganywa oili nyingi, au silinda hiyo haichomi. Nyeupe mithili ya chaki ni dalili ya kukosa mafuta au kuchemka. Vipunje vidogo vinavyong'aa kama fedha ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa hizo ni chembe za aluminiamu ya pistoni yenyewe.

Sasa kompresheni. Nyaya za plagi ziguse mwili wa mashine, zisiachwe zikining'inia. Moto ukikosa pa kwenda huharibu koili au kisanduku cha CDI kinachotawala moto wa plagi, na petroli inayopuliziwa nje ya tundu la plagi inaweza kuwaka. Fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, funga geji, vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita hadi mshale ukome kupanda. Andika. Fanya silinda ya pili vivyo hivyo, kwa idadi ileile ya mivuto. Mashine nyingi za ukubwa huu zikiwa na afya hutoa kati ya psi 100 na 130 (psi ni kipimo cha mgandamizo) zikiwa pwani. Lakini geji hazilingani, na mikono ya wavutaji hailingani, kwa hiyo tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Ndani ya asilimia 10, endelea. Ikivuka 15, simama utafute sababu.

Plagi zikiwa bado nje, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini, polepole kwa mkono. Inapaswa kuteleza. Ukihisi mchanga, au mahali fulani inakwama kidogo kila inapofika, beringi za krenki zina kutu. Shika flaiwili uiinue na kuishusha, uisukume kushoto na kulia; mchezo unaousikia kwa mkono ni beringi zilizokwisha. Hapa ndipo mashine iliyowahi kuzama inapojulikana. Kuzama kwenyewe hakuiui mashine ikiwa iliopolewa, ikasuuzwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), ikatiwa oili na kuwashwa saa chache baadaye. Inayokufa ni ile iliyotolewa majini ikalazwa mchangani siku tatu ikisubiri fundi. Mulika tochi chini ya flaiwili na kwenye kona za trei ya chini ya kava: tope laini lililokauka au mchanga mahali ambapo mkono haufiki halikuletwa na upepo. Siku hizi kuna kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu, bei yake si kubwa. Ipitishe kwenye tundu la plagi utazame ukuta wa silinda upande wa tundu la ekzosi, ambako pistoni huanza kukwangua. Mistari myembamba isiyoshikika ukucha inavumilika. Mifereji, hapana.

Oili ya gia ndiyo hatua ambayo wauzaji wengi huikwepa. Kuna skrubu mbili ubavuni mwa mguu. Legeza ya chini kwanza, robo mzunguko hivi, bila kugusa ya juu, na usubiri. Mashine ikiwa imesimama wima tangu jana, maji yatakuwa yamekaa chini na yatatoka kabla ya oili. Oili safi ni ya rangi ya asali au nyeusi kidogo. Nyeupe ni maji. Sumaku ya skrubu ya chini, kama ipo, huwa na unga laini wa kijivu, na hiyo ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia. Muuzaji akikukataza kufungua skrubu hiyo, shika kofia yako uage. Gia boksi nzima inaweza kugharimu karibu sawa na thamani ya mashine kuukuu.

Kwenye maji. Usikubali kuwashiwa nchi kavu "sekunde mbili tu", kwani impela huungua kwa kukosa maji kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Pipa linatosha kwa kuanzia ikiwa maji yanapita juu ya bamba la kuzuia hewa lililo juu ya propela. Mashine ya baridi yenye afya, choki ikivutwa na puto la mafuta likibinywa hadi liwe gumu, huwaka kwa mivuto miwili hadi minne. Ndani ya muda mfupi itatema maji nyuma. Mfereji dhaifu usikutishe papo hapo. Choma tundu kwa waya, kuna nyigu wanaojenga humo, na mchanga pia huziba. Ukiwa bado dhaifu baada ya hapo, impela imechoka au njia zimeziba chumvi. Baada ya dakika kumi dondosha maji juu ya silinda hedi. Yakichemka na kuruka, zima.

Pipa halitoshi, hata hivyo. Ifunge kwenye boti, pakia watu wanne au mizigo ya uzito huo, na uende nusu saa. Sikiliza gia ya mbele ukiwa na mzigo na mafuta yamefunguliwa: mlio wa "tak-tak" na mshtuko kana kwamba mtu anaipiga nyundo ni meno ya klachi ya gia yaliyolika, yanaruka. Jambo hilo halionekani pipani hata siku moja. Ukiweza, azima kile kisoma-mizunguko kidogo kinachozungushiwa waya wa plagi. Mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, mashine hizi zinatakiwa zifike kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Isipofika 4,500, ama propela ni kubwa mno (kila inchi moja ya pichi, yaani umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja, ni kama mizunguko 150 hadi 200) ama nguvu haipo. Mizunguko ikipanda lakini boti haiendi, chora mstari kwa kalamu kutoka kitovu cha propela hadi kwenye bawa lake, endesha tena, utazame. Mistari ikiachana, mpira wa ndani ya propela unateleza. Hilo ni tatizo dogo, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Mwisho wa jaribio, zima mashine ikiwa moto kabisa, kaa dakika kumi, kisha iwashe. Joto la chini ya flaiwili hupanda baada ya kuzima, na koili zilizochoka hukata moto wakati huohuo. Hii ndiyo mashine itakayokuacha Nyamanzi, Unguja, ukirudi, baada ya kukupeleka bila kosa.

Na shemeji wa watu usimwache nyumbani. Vipimo havina ukoo. Akiwa fundi kweli ataona unachoona.

Nimepima mwenyewe mashine ya hp 40 ya silinda mbili: juu 108, chini 76. Muuzaji kashusha bei sana, anasema "mbona inawaka?" Ninunue? (Msomaji, Ukerewe)

Umepima vizuri. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji husoma pungufu kwa kama asilimia 12. Mashine inayotoa 120 Bagamoyo itakupa 105 hivi hapo kwako. Kwa hiyo silinda yako ya juu ni nzima kabisa. Ya chini imepungua asilimia 30, na hiyo si hewa ya ziwani.

Inawaka kwa sababu silinda ya juu inafanya kazi ya mbili. Swali ni kwa nini ya chini imekufa nusu. Tia kijiko cha chai cha oili ya mashine kwenye tundu la plagi ya chini, zungusha taratibu mara chache ili isambae, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi: zimelika, au zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi. Zilizoganda wakati mwingine hupona kwa dawa ya kuondoa masizi iliyoachwa ndani usiku kucha, na tumeziona namba zikirudi bila kufungua kitu. Isipopanda, inavuja kwenye gasketi ya hedi au pistoni imetoboka ukingoni. Fungua silinda hedi, gasketi ni rahisi, na ndani ya saa moja utakuwa na jibu kwa macho.

Kabla ya kufurahia bei, jua sababu ya sababu. Kwenye mashine inayosimama wima, sili ya krenki ya juu, chini ya flaiwili, inalinda silinda ya juu, na sili ya chini inalinda ya chini. Sili ya chini ikikatika, silinda hiyo hunyonya hewa isiyopitia kabureta. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, oili inapungua nao, pistoni inachemka na kukwaruza. Ukibadilisha pistoni na ringi ukaiacha sili ileile, utarudi hapo msimu ujao. Vilevile kabureta yenye jeti iliyozibwa nusu na uchafu hufanya kosa hilohilo. Hivyo hesabu yako iwe na pistoni, ringi, kuchonga silinda (pistoni za ukubwa wa ziada za milimita 0.25 na 0.50 zipo), sili zote mbili, seti ya gasketi, na kusafisha kabureta. Pistoni moja mpya na nyingine kuukuu inawezekana, ila tukiwa tumeshafungua tungefanya zote mbili. Jumla hiyo ukiongeza kwenye bei ya muuzaji ikawa chini ya bei ya mashine nzima hapo mwaloni, nunua. Ikilingana, chukua nzima.

Oili ya gia imetoka nyeupe kama maziwa. Muuzaji anasema za baharini zote huwa hivyo. (Msomaji, Kilwa)

Si kweli. Huo ni mchanganyiko wa oili na maji, na oili ya namna hiyo haibebi mzigo wa meno ya gia.

Mara nyingi mkosaji ni mshipi wa nailoni. Unajiviringisha nyuma ya propela, unajikata hadi kwenye sili ya shafti, na maji yanaingia. Vua propela uangalie. Sehemu nyingine zinazovujisha ni gasketi za zile skrubu mbili (zinatakiwa mpya kila unapobadilisha oili, na hakuna anayezibadilisha), sili ya fimbo ya kubadilishia gia, na sili za shafti kuu chini ya pampu ya maji. Fundi mwenye pampu ya mkono na geji hufunga kwenye tundu la skrubu, hutia hewa ya psi 10 hadi 14, na kuzamisha mguu kwenye beseni. Vipovu vitaonyesha mahali.

Kama oili ni nyeupe lakini gia inazunguka laini bila mlio, sili peke yake zinatosha. Ikiwa kilichotoka mwanzo ni maji matupu yenye kutu, beringi zimeshaumwa hata kama bado hazilii. Wakati wa kujaza tena, tia oili ya gia namba 90 kupitia tundu la chini hadi imwagike tundu la juu. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani na utafikiri imejaa. Baada ya saa tano za kazi legeza skrubu ya chini tena utazame rangi.

Babu ametuachia Johnson ya hp 25. Tunajuaje ni ya mwaka gani, na spea zipo? (Msomaji, Lamu)

Johnson na Evinrude ni ndugu, zilitengenezwa na kampuni ya Marekani ya OMC, na sehemu kubwa ya spea zinaingiliana. Kuanzia mwaka 1980 mwaka umefichwa kwenye namba ya modeli kwa kutumia neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Nenda mwisho wa namba ya modeli. Kwa kawaida herufi ya mwisho kabisa ni ya toleo, na mbili zilizo kabla yake ndizo mwaka. CD ni 1986, EN ni 1992. Kibati kikiwa kimeliwa na chumvi, tafuta kizibo cha duara cha chuma kwenye mwili wa injini chini ya kava, namba huwa imegongwa hapo.

OMC ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2000, jina la Evinrude likaendelea chini ya kampuni ya Canada, BRP, hadi 2020 walipoacha kutengeneza mashine za boti. Impela, gasketi, vifaa vya kabureta na koili bado vinatengenezwa na kampuni nyingine za spea, ila kwetu pwani dukani utakuta za Yamaha. Za Johnson ni za kuagiza. Kwa hiyo kabla hamjatumia hata shilingi kuifufua, pimeni kompresheni na mzungushe gia. Vyote viwili vikiwa salama, kitakachohitajika ni mpira, gasketi na umeme, na hivyo vinaagizika. Kagueni koili kwa tochi: nyufa kwenye plastiki yake humwaga moto kwenye mwili wa mashine, hasa asubuhi kukiwa na unyevu. Krenki au gia boksi ikiwa imekufa, iacheni iwe ya spea. Ni mapenzi ya babu, tunaelewa, lakini ndivyo.

Kuna hp 40 ya mipigo minne kutoka Ulaya, safi sana. Ukaguzi ni uleule? (Msomaji, Unguja)

Karibu wote. Kompresheni yake ni ya juu zaidi, kwa hiyo linganisha na kitabu chake, usitumie namba tulizotoa juu. Ongeza mambo matatu. Vuta kijiti cha oili mashine ikiwa wima na baridi. Oili ikizidi alama na kunuka petroli, mafuta yanapenya kwenye oili, na hilo humaliza beringi polepole. Oili nyeupe ni maji ndani ya injini, usiendelee. Pili, kwenye modeli yenye mkanda wa taiming, uliza ulibadilishwa lini. Usipopata jibu, hesabu umechakaa.

La tatu ni faida kwako. Mashine za sindano (zinazopuliza petroli bila kabureta) zenye kompyuta hutunza saa zake za kazi. Wakala wa Yamaha au Suzuki mwenye kifaa cha kusomea anaweza kukuonyesha imefanya saa ngapi, na kwa Yamaha hata ni saa ngapi katika kila kiwango cha mizunguko. Lipia usomaji huo. Mashine ya saa 300 iliyokimbizwa muda wote kwa 5,500 imechoka kuliko ya saa 800 iliyotumika kwa 3,500.

Mashine iliyokaa miaka bila kuwashwa kwenye banda la watu wa Ulaya, kwa upande mwingine, huwa na kabureta zilizoganda gundi ya petroli. Hilo husafishika.

Naogopa kuuziwa ya wizi. (Msomaji, Musoma)

Una haki, wizi wa mashine ziwani si siri. Namba ya kwenye kibati isiwe imekwaruzwa, na ribiti za kibati zifanane, zisiwe za aina mbili. Omba risiti ya kwanza ya dukani yenye namba hiyo. Isipokuwapo, mkutane kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo) wa mwalo anakotokea muuzaji, si wa mwalo wako, muandikishane kwa namba ya mashine, kitambulisho na mashahidi wawili. Muuzaji anayetaka mkutane njiani usiku tu, hana mwalo.

Nimeshanunua, hp 15 ya mipigo miwili. Ina stika ya 100 kwa 1. Wengine wananiambia 50 kwa 1, jirani anatia oili ya pikipiki na mafuta ya taa kidogo ili isinywe sana. (Msomaji, Mafia)

Tumia 50 kwa 1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja. Uwiano wa 100 kwa 1 ulipendekezwa na watengenezaji kadhaa miaka ya 1980, na OMC wenyewe baadaye waliwarudisha watu kwenye 50. Oili ikizidi kidogo utasafisha plagi. Ikipungua kidogo utanunua pistoni.

Oili iwe imeandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za mipigo miwili. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini za kupozwa kwa hewa, zenye joto kubwa, na viungo vyake huacha majivu kwenye plagi na ringi za injini ya kupozwa kwa maji. Mafuta ya taa yana mashine zake zilizoundwa kwa ajili hiyo, kompresheni yake ni ndogo. Kwenye ya petroli hulipuka kabla ya wakati, na kila mlipuko hula ukingo wa pistoni. Anachookoa jirani kwenye dumu atakilipa kwa fundi.

Kabla ya kwenda kuvua badilisha impela, plagi (kwa Yamaha nyingi za hp 15 ni B7HS-10, nafasi yake milimita 1.0), oili ya gia na mpira wa mafuta pamoja na puto lake. Dumu la lita 25 linapokea mililita 500 za oili. Tia oili na lita tano za petroli kwanza, tikisa, kisha ujaze. Kama imefungwa pistoni mpya, lita moja kamili kwa dumu hilo katika saa kumi za mwanzo, bila kufungua mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu.